Anza Kwenye Uzi: Kufufua Sinthesaiza ya Gitaa na Kuijengea Mwenzake

Hamjambo wapiga gitaa? Hamjambo mafundi? Na nyinyi mlio vyote viwili, poleni, maana mnazo kazi mbili na usingizi mmoja.

Kisanduku cha buluu mnachokiona mezani ni Roland GR-300, cha mwaka 1980: sinthesaiza ya gitaa, yaani mashine inayotoa sauti ya kielektroniki kwa kufuata mtetemo wa nyuzi. Gitaa lililo pembeni yake linaonekana la kawaida, ila kebo inayotoka mwilini mwake ina pini 24. Tumekuja kufanya mambo mawili: kukifufua hicho, na kukijengea mwenzake, sinthesaiza ndogo ambayo yeyote kati yenu anaweza kuiunda kwa vipuri vya Luthuli Avenue, Nairobi.

Kabla ya yote, swali. Kwa nini fundi stadi, mwenye mita nzuri na mkono mtulivu, husumbuliwa na mashine kama hii wiki tatu, akabadilisha chipu tano, kisha tatizo likaja kuonekana kwenye waya mmoja uliokatika ndani ya kebo? Si kwamba hajui kazi. Alianza mwisho akarudi nyuma. Hii ni mashine inayoanzia kwenye uzi wa gitaa, nasi tutaifuata kutoka huko. Anza kwenye uzi. Mtanisikia nikilirudia hilo mpaka mnichoke.

Ndugu zangu, kwenye kinanda cha umeme kibonye ni swichi tu. Ukikibonyeza, mashine inajua mara moja umetaka noti gani. Gitaa halina swichi. Lina uzi unaotetemeka, na huo mtetemo tayari ni sauti. Uzi mnene wa E hutetemeka mara 82 na nukta nne kwa sekunde. Uzi mwembamba wa E, mara 330 hivi. Kwa maneno mengine, gitaa lina osileta sita, yaani vyanzo sita vya mtetemo, za chuma na mbao kabla hujanunua hata rezista moja.

Roland waliifikia mashine hii kwa hatua. Mwaka 1977 walitoa GR-500, na gitaa lake likatengenezwa na kiwanda cha FujiGen huko Japani. Mwaka 1980 ikaja GR-300, ambayo kila uzi una sauti yake ya kielektroniki inayoufuata mtetemo moja kwa moja. Mwaka 1984 ikaja GR-700, ndugu wa kinanda cha JX-3P, yenye kumbukumbu ya sauti na MIDI, lugha ya namba ambayo ala za kielektroniki huambiana noti, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Sasa, ipi bora? Wauzaji watawaambia ya 1984, kwa sababu ni mpya zaidi. Mimi ningechukua ya 1980, na sababu yangu ni hesabu.

Mashine inayotaka kuipa noti jina lazima kwanza isubiri angalau wimbi moja zima lipite. Wimbi moja la E nene huchukua milisekunde 12. La gitaa la besi, linalotetemeka mara 41 kwa sekunde, huchukua 24. Na mara nyingi wimbi moja halitoshi, kwa kuwa mwanzo wa mchuno una kelele.

Mweke hapa mpiga solo wa benga. Kazi yake iko kwenye nyuzi nyembamba, juu shingoni, haraka haraka. Wimbi lake ni la milisekunde tatu au chini ya hapo. Mpe mashine ya MIDI, atacheka: inamfuata vizuri. Sasa mpe gitaa hilohilo mwenzake anayepiga ridhimu kwenye nyuzi nene. Baada ya dakika mbili atasema mashine imelewa. Je, mmoja ni hodari na mwingine mzembe? La hasha! Ni urefu wa wimbi tu. Kwenye GR-300 wote wawili wanahisi sauti iko chini ya kidole, kwa sababu haigeuzi noti kuwa namba kwanza. Shikeni hilo, maana mwenzake tutakayemjenga anasimama juu ya wazo hilohilo.

Sasa nakuja kwenye stima, na hapa nitajipinga kidogo. Nimesema anza kwenye uzi. Ila kabla ya uzi kuna ukuta, na ukutani kuna volti 240.

Iko hadithi inayojirudia karakana baada ya karakana. Mashine inatoka Japani, imefungwa vizuri, inang'aa. Mwenyewe anaona plagi yake bapa haiingii kwenye soketi zetu za miguu mitatu. Ananunua adapta ya kubadilisha umbo la plagi, anachomeka. Taa inawaka kwa nguvu kuliko kawaida, harufu inatoka, kimya. Ile adapta ilibadilisha umbo, volti haikuzigusa. Mashine ya volti 100 imekula 240. Alikosa nini? Alikosa kusoma bati la nyuma. Soma bati. Kabla ya kufungua skrubu hata moja, soma bati.

Likisema 100, ni ya soko la Japani. Transfoma nyingi za kushusha umeme mtakazopata mjini hutoa 110, yaani asilimia kumi zaidi, na ziada hiyo inageuka joto kwenye vidhibiti volti ndani. Itafanya kazi, lakini haitaishi miaka mingi. Afadhali fundi wa kusuka mota akusukie transfoma ya 100 kamili. Likisema 117 au 120, ni ya Marekani, na hapo kuna jambo la pili: transfoma ya huko iliundwa kwa stima ya mizunguko 60 kwa sekunde, yetu ni 50, kwa hiyo ya ndani itapata joto zaidi. Iguse baada ya saa moja. Mashine ya Japani haina shida hiyo, kwani nchi yao yenyewe imegawanyika, mashariki 50 na magharibi 60.

Kisha ifungueni mashine, plagi ikiwa imetolewa ukutani. Kapasita kubwa za umeme zina chaji hata mashine ikiwa imezimwa. Zitoeni chaji kwa rezista ya kilo-omu 1 ya wati 5, msizipige shoti kwa bisibisi kama tunavyopenda kuonyeshana. Zikaguliwe: kichwa kilichovimba, maji ya kahawia miguuni, gundi iliyokauka ikawa nyeusi. Baada ya miaka arobaini na kitu sijadiliani nazo, nazibadilisha zote za sehemu ya umeme. Mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na za nyuzijoto 105, si 85. Angalieni mstari wa hasi kabla ya kulehemu; kapasita iliyogeuzwa hupasuka, na hupasuka usoni kwa sababu ndipo ulipoweka uso.

Mara ya kwanza kuiwasha, pitisheni stima kwenye balbu ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo, upande wa 240, kabla ya transfoma ya kushusha. Balbu ya waya ndani, ile ya zamani. Ya LED haifai hapa. Ikiwaka kidogo na kufifia, endelea. Ikiwaka kama taa ya sebuleni na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, zima. Balbu ya bei ya chai imeokoa transfoma ambazo leo hazipatikani.

Halafu pimeni njia zote mbili za umeme, chanya na hasi, gitaa likiwa bado halijachomekwa, mkilinganisha na kitabu cha matengenezo. Geuzeni mita kwenye AC na mpime palepale: mkiona zaidi ya milivolti 10 hivi, umeme haujachujwa vizuri. Sikio nalo ni mita. Mngurumo wa mizunguko 100 unatoka kwenye kapasita za kuchuja. Mngurumo wa 50 ni wa ardhi au waya usiokingwa. Jifunzeni kutofautisha hiyo miwili, mtaokoa jioni nyingi.

Haya, sasa turudi kwenye uzi.

Chini ya nyuzi, karibu kabisa na daraja la gitaa, kuna pikapu ndogo nyembamba yenye sehemu sita. Pikapu, na sizungumzii gari la kubeba viazi. Kila sehemu inasikiliza uzi wake tu. Je, nyuzi zipi? Za chuma au nikeli. Msije na nyuzi za nailoni, sumaku haizioni kabisa. Nyuzi za shaba za gitaa la kisanduku pia zinatoa ishara dhaifu, tena isiyolingana kati ya uzi na uzi.

Umbali ndio roho ya kazi hii. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi kati ya uzi na pikapu: milimita 1. Kwa pikapu zao za baadaye za aina ya GK-3 ndivyo Roland wenyewe walivyoagiza, na pikapu isikae zaidi ya milimita 20 kutoka kwenye daraja. Ikiwa mbali, ishara ni ndogo na sauti inakatika mapema. Ikiwa karibu mno, uzi unaigonga, au sumaku inauvuta na sauti inayumba. Ikiwa imepinda, uzi wa kwanza unapiga kelele na wa sita unanong'ona, na mtu atalaumu sinthesaiza. Vilevile freti iliyoliwa, nati iliyochimbika, uzi unaonguruma kwenye freti: mpiga gitaa anauvumilia ule mngurumo, mashine haiuvumilii. Inausikia kama noti nyingine.

Sasa hadithi ya uzi wa nne. Gitaa linakuja, nyuzi tano zinaimba, wa nne kimya. Fundi anafungua sinthesaiza, anaitafuta njia ya nne, anang'oa chipu, anaweka mpya. Kimya. Anang'oa transista. Kimya. Mara ya tatu njia ya shaba inabanduka kwenye bodi, na sasa kweli pana ubovu. Ule wa mwanzo ulikuwa wapi? Ndani ya kebo, sentimita mbili kutoka kwenye plagi, pale inapokunjwa kila usiku wa shoo. Waya mmoja kati ya 24.

Angefanyaje? Kwanza kebo. Weka mita kwenye mlio, pima pini ya kwanza hadi ya 24, upande hadi upande, huku mwenzako akiitikisa kebo karibu na plagi zote mbili. Dakika kumi. Mlio ukikatika wakati wa kutikisa, umempata mkosaji.

Pili pikapu, mashine ikiwa imezimwa. Pima omu za kila koili upande wa kabla ya bodi ndogo iliyo ndani ya gitaa. Sita zote zikaribiane. Moja ikisoma wazi, koili imekatika. Zikiwa sawa zote, endelea.

Tatu, tumia simu yako. Simu hiyohiyo mfukoni. Programu ya kutoa toni, mizunguko 147, ambayo ndiyo D ya uzi wa nne. Weka kapasita ya mikrofaradi 1 na rezista ya kilo-omu 10 mfululizo ili kuilinda simu, kisha ingiza toni kwenye njia ya nne ya sinthesaiza, sauti ikiwa chini. Ikiimba, sinthesaiza ni nzima, rudi kwenye gitaa. Ikinyamaza, basi, na basi tu, ndipo uguse chipu.

Mnaona mpangilio? Uzi, kebo, pikapu, ingizo. Chipu ni wa mwisho kwenye foleni.

Slaida na swichi nitazipita haraka: dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, mipulizo miwili midogo ya kopo, zisukume huku na huku mara thelathini. Mafuta ya kulegeza nati yaliyomo kwenye kila gari la Nairobi msiyatumie. Yanaacha utando, utando unashika vumbi, na vumbi letu mnalijua. Marekebisho ya tuni yafanywe mashine ikiwa imewaka nusu saa nzima. Ukiirekebisha asubuhi ya Julai ikiwa baridi, jioni itakuwa imehama.

Sasa mwenzake. Hapa ndipo nataka mkae mbele kidogo.

Wengi wakisikia kujenga sinthesaiza ya gitaa wanawaza kompyuta itakayotambua noti. Kwa nini utambue noti ambayo tayari inaimba? Sisi tutaichukua, tutaifanya ya mraba, na kuigawa kwa mbili. Wimbi likigawanywa kwa mbili, sauti inashuka oktava moja. Likigawanywa tena, oktava mbili. Hakuna kusubiri, hakuna kukisia.

Tutatumia pikapu ya pini 13, kwa sababu unaweza kuibandika kwenye gitaa lolote ulilonalo. Magitaa ya pini 24 ni adimu, na umeme wake ni mwingine, msichanganye. Kwenye pini 13, pini ya 1 hadi ya 6 ni nyuzi, ya kwanza ikiwa E nyembamba. Ya 7 ni pikapu ya kawaida ya gitaa. Ya 8 ni kirekebisha nguvu ya sauti, ya 10 na 11 ni swichi, ya 12 ni volti 7 chanya, ya 13 ni volti 7 hasi. Ardhi ni ganda la plagi.

Chanzo chetu ni volti 12 chanya na 12 hasi. Volti 7 tunazipata kwa vidhibiti volti viwili, LM317 upande wa chanya na LM337 upande wa hasi, kila moja na rezista ya omu 120 na ya omu 560. Hesabu inatoa 7.08, inatosha. Mtego: chipu hizi mbili zinafanana kama mapacha, ila miguu yake haifanani. Kwenye 317 mguu wa kati ni tokeo. Kwenye 337 ni ingizo. Pimeni 7 na 7 kabla pikapu haijachomekwa.

Kila uzi upite kwenye nusu ya TL072, chipu yenye vikuzaji viwili, inayoukuza mara kumi, umeme wake 12 na 0, ishara ikining'inia kwenye volti 6. Halafu rezista ya kilo-omu 10 na kapasita kwenda ardhini: nanofaradi 100 kwa E nene na A, 47 kwa D na G, 22 kwa B na E nyembamba. Kwa nini? Ukichuna karibu na daraja, oktava ya juu ya uzi huwa na nguvu kuliko noti yenyewe. Usipoichuja, wimbi linavuka mstari mara mbili badala ya moja na sauti inaruka juu kama mbuzi.

Kisha nusu ya LM393, kilinganishi, ndicho kinacholifanya wimbi kuwa la mraba. Kilo-omu 10 kwenye ingizo chanya, mega-omu 1 kutoka kwenye tokeo kurudi hapo, volti 6 kwenye ingizo hasi. Hiyo mega-omu inampa msimamo wa takriban volti 0.12, ili asibabaishwe na kila mnong'ono. Na msisahau kilo-omu 10 kutoka tokeo kwenda volti 12. LM393 inajua kuvuta chini tu. Kupanda juu lazima isaidiwe.

Sasa CD4013, chipu ya kugawa kwa mbili, mmoja kwa kila uzi. Mraba uingie pini ya 3. Unganisha 2 na 5, 12 na 9, 1 na 11. Oktava moja chini iko pini ya 1, mbili chini iko pini ya 13.

Iko bodi iliyokuwa ikiimba yenyewe. Mkono ukiikaribia, inapandisha, ukiondoka, inanyamaza, mtu akiwasha taa ya chumba, inapiga kelele. Waliizunguka siku nzima, wengine wakaanza kuiogopa. Pini za 4, 6, 8 na 10 zilikuwa zimeachwa hewani. Kwenye chipu za aina hii, pini ya kuingiza isiyounganishwa ni antena. Zote nne, ardhini. Nasema tena: zote nne, ardhini.

Mkifika hapo mna sauti, lakini ni sauti ya nguvu moja inayokatika ghafla uzi unapofifia. Inahitaji kufuata mchuno. Chukueni ishara iliyokuzwa, ipite kapasita ya mikrofaradi 1 na daiodi mbili za 1N4148, ijaze mikrofaradi 1 yenye kilo-omu 220 sambamba, kisha nusu ya TL072 ya umeme wa 12 na 12 hasi iishikilie. Volti hiyo ndiyo itakayofungua na kufunga nusu ya LM13700, chipu yenye vikuzaji viwili ambavyo nguvu yake hudhibitiwa kwa mkondo wa umeme.

Na hapa ndipo karibu kila mtu anaanguka. Anapeleka volti hiyo kwenye pini ya 1 ya LM13700 kupitia rezista, na sauti haifungi kamwe. Kwa nini? Pini ile imekaa volti moja na kidogo juu ya umeme hasi, yaani karibu hasi 11. Kwake yeye sifuri yako ni volti nyingi sana. Dawa ni transista ya BC557: besi ardhini, emita ipokee volti yako kupitia kilo-omu 10, kolekta iende kwenye pini. Sasa sifuri ni sifuri kweli, na volti 5 zinatoa chini ya nusu milliampia. Kikomo chake ni milliampia 2, kwa hiyo tuko mbali na hatari.

Mraba wenyewe upunguzwe kabla ya kuingia: kapasita ya mikrofaradi 1 kwanza, kisha kilo-omu 100 na omu 220 kwenda ardhini. Ukiiruka hiyo kapasita utasikia kishindo, dup, kila ukichuna, na utadhani ni ubunifu. Matokeo sita yaungane kwenye ingizo hasi la TL072 ya mwisho, kilo-omu 10 ikirudi.

Kwa jumla ni TL072 saba: tatu za kukuza, tatu za kufuata mchuno, na ya saba inatoa volti 6 kwa nusu moja na kuchanganya kwa nusu nyingine. LM393 tatu, CD4013 sita, LM13700 tatu, BC557 sita. Nanofaradi 100 karibu na mguu wa umeme wa kila chipu. Nunueni na za ziada, kwa maana zipo zilizoandikwa jina tu. Kasha, karatasi ya alumini ya milimita 1.5, wapeni vipimo mafundi wa Kamukunji, ila soketi ya pini 13 mtoboe wenyewe. Chujio la sauti tunaliacha leo. Pedali ya wawa itawatosha kwa kuanzia, na kwa kweli kwenye oktava mbili chini inapendeza kuliko inavyostahili.

Verobodi, zile bodi za matundu za kulehemea vipuri, ziko meza ya dirishani. Kila kundi lijenge njia moja tu, ya uzi wa kwanza, na lisiguse wa pili mpaka wa kwanza uimbe. Ukikaa kimya, kabla hamjaniita pimeni pini ya 14 ya CD4013: volti 12 kamili, na pini ya 7 sifuri. Vyuma vya kulehemu vimeshapata moto. Mwenye miwani avae.